Rosti ya Jumapili kwa mkono wa Kinepali: bega la kondoo kama tunavyolioka pabuni

Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba mchana umekula rosti, anaiona sufuria kabla hujamaliza kusema: nyama ya vipande, nyanya zilizopikwa mpaka zikaachia mafuta, vitunguu, hoho, na ndizi pembeni. Uingereza neno ni lilelile ila chakula ni kingine. Rosti yao ni pande zima la nyama linalookwa kwenye oveni, likatoka na ngozi ya kahawia, likapumzishwa, kisha likakatwa na kupakuliwa pamoja na viazi, mboga na mchuzi. Huliwa Jumapili mchana, na kwa watu wengi wa vijijini hapa lina heshima kama pilau ya Idi kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wa saba napika katika pabu, yaani baa ya Kiingereza inayopika pia chakula, ya kijiji kimoja Hampshire, kusini mwa Uingereza, si mbali na mji wa Aldershot. Pabu yenyewe ni ya kizamani: dari ya chini yenye boriti nyeusi, meko ya kuni, mbwa wamelala chini ya meza za wenyewe. Mwenye pabu ni mama wa Kinepali, mke wa askari mstaafu wa Gurkha, yaani Wanepali wanaotumikia jeshi la Uingereza. Jikoni sote tunamwita Didi, maana yake dada mkubwa, naye ananiita Bahini, dada mdogo. Jumapili ubao wa chakula unataja kondoo, ng'ombe na kuku kama pabu yoyote, lakini sahani ikifika mezani viazi vina timur, mchuzi unanukia jimbu, viungo viwili vya Nepali nitakavyovieleza, na pembeni pana kibakuli cha achari. Dada zangu wa kanisani waliokuja kula wameniomba mara nyingi niwaandikie namna ya kupika. Hivi ndivyo ninavyopika nyumbani kwangu kwa watu sita, na hakuna tone la pombe wala nyama ya nguruwe ndani yake, ili kila mtu aweze kukaa mezani.

Neno dogo kuhusu hao Wanepali wa Hampshire, maana watu huniuliza. Uingereza ilianza kuandikisha Wagurkha mwaka 1815, katikati ya vita vyake na Nepali, na haijaacha mpaka leo. Kambi ya Church Crookham, hapahapa Hampshire, ilikuwa yao kwa miaka mingi hadi 2000. Mwaka 2004 waliostaafu baada ya Julai 1997 waliruhusiwa kuhamia Uingereza. Mwaka 2009, baada ya kampeni ambayo mwigizaji Joanna Lumley alisimama mbele yake, ruhusa ikawafikia na waliostaafu kabla ya hapo, mradi walitumikia angalau miaka minne. Ndiyo sababu Aldershot leo unapata uwatu, majani ya haradali na mchele wa kupondwa bila kuhangaika. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles wa mkoloni, akapelekwa Burma mwaka 1944. Babu yake Didi naye alikuwa Burma, katika Jeshi lilelile la Kumi na Nne la Waingereza. Tuligundua hilo tukimenya viazi, na tangu siku hiyo Didi hunionjesha sufuria zake kabla ya mtu mwingine.

Sasa twende kwenye chakula, na nianze na jambo ambalo ukilishika, mengine yote utayapata mwenyewe. Wengi wanaojaribu kukutanisha vyakula hivi viwili hulipaka pande la nyama masala nene kila upande na kulitia kwenye moto mkali. Kitunguu saumu kinaungua, bizari inakuwa chungu, na kinachotoka si rosti wala si chakula cha Nepali. Didi alinifundisha kinyume: nyama ipikwe Kiingereza, na Nepali iingie kupitia mafuta, mchuzi na achari. Achari hasa. Mwingereza tayari ana desturi ya kumpa kila mnyama mwenzake wa kumchangamsha: kondoo huliwa na sosi ya nanaa na siki, ng'ombe na mzizi mkali unaoitwa horseradish, nguruwe na matofaa yaliyopondwa. Hiyo ndiyo kazi ya achari kwenye sahani ya dal bhat, wali na dengu za Kinepali. Kiti kilikuwepo, kimepata mkaaji mwingine.

Vitu vya kutafuta

Bega la kondoo lenye mfupa, kilo 2 hivi. Paja nalo ni zuri, lakini bega lina mafuta ndani yake na linasamehe. Ukichelewa nusu saa halikasiriki. Viazi kilo moja na nusu, vya aina inayovurugika vikiiva. Huku tunatumia Maris Piper. Samli gramu 150. Mayai manne, maziwa, unga wa ngano wa kawaida. Kabichi au sukuma. Karoti. Nyanya sita zilizoiva, pilipili mbichi, kitunguu saumu kichwa kizima, tangawizi, kotimiri, nanaa, ndimu. Jira, mbegu za giligilani, uwatu, binzari manjano. Mtu wa pwani atakuwa anavyo vingi kabatini tayari.

Vitu viwili huna. Timur ni tunda dogo kavu la mti wa miiba wa milimani Nepali, ndugu wa pilipili ya Sichuan. Haiwashi kama pilipili yetu. Inautia ulimi ganzi, na harufu yake iko kati ya ndimu na ganda la chungwa. Fungua kila punje uitoe mbegu nyeusi ya ndani, utumie ganda tu. Ile mbegu ni kama mchanga mdomoni. Jimbu ni majani makavu ya jamii ya vitunguu kutoka nyanda za juu za Mustang. Ikikosekana, kaanga kitunguu saumu kilichokatwa vyembamba mpaka kiwe kahawia. Si sawa, ila kinakaribia. Timur ikikosekana, tumia ile ya Sichuan, wala usijaribu pilipili manga, ni njia nyingine kabisa.

Kuhusu mafuta ya haradali: ndiyo mafuta ya Nepali, na nyumbani kwao ndiyo yanayotiwa kwenye achari. Huku Uingereza chupa nyingi zimeandikwa kwamba ni ya kupaka mwilini tu, kwa sababu ya asidi ya erusiki iliyomo. Pabuni hatuyapikii. Tunapasha mafuta ya kanola na kutia mbegu za haradali mpaka ziruke. Harufu inakuja ya kutosha.

Jumamosi usiku

Lipake bega chumvi gramu 20, yaani kijiko kikubwa kimoja kilichosawazishwa, uliweke kwenye friji bila kulifunika. Asubuhi ngozi itakuwa imekauka, na ngozi kavu ndiyo inayobadilika rangi vizuri.

Usiku huohuo tengeneza uji wa pudini ya Yorkshire. Hii si pudini ya kula kwa kijiko na sukari. Ni kikombe cha unga, mayai na maziwa kinachofura kwenye oveni mpaka kinakuwa na shimo katikati, na shimo hilo ni la mchuzi. Zamani trei yake iliwekwa chini ya nyama inayozunguka motoni ili idondokewe na mafuta, na kule Yorkshire ililiwa kwanza, kabla ya nyama, watu washibe mapema. Kipimo hakihitaji mizani: vunja mayai manne kwenye glasi, angalia yamefika wapi, kisha pima maziwa mpaka alama hiyohiyo na unga mpaka alama hiyohiyo. Piga mpaka madonge yaishe, tia chumvi kidogo, weka kwenye friji. Usitie hamira wala baking powder. Mvuke ndio unaoinua. Wala usitie timur humo. Nilijaribu, na harufu yote ilipotea ikabaki uchungu.

Jumapili asubuhi

Tuseme mnakula saa saba na nusu mchana. Toa nyama kwenye friji saa moja asubuhi. Saa mbili iingie kwenye oveni ya nyuzi 220, juu ya vitunguu viwili vilivyokatwa nusu, bila kufunikwa, kwa dakika 25. Hapo inapata rangi yake.

Inapopata rangi, wewe uko kinuni. Twanga kijiko kimoja cha chai cha jira na kimoja cha giligilani, vyote vimekaangwa kavu, pamoja na punje sita za saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Toa nyama, ipake mchanganyiko huu juu, mimina maji vikombe viwili chini kwenye trei, funika kwa karatasi ya foili ikabane kabisa, ushushe oveni hadi 150. Unaona mpango wake: rangi imeshapatikana kwa moto mkali, na viungo vinaingia wakati wa mvuke, haviungui. Iache kwa muda wa saa nne. Nenda kanisani. Ukirudi, vuta mfupa kwa koleo. Ukizunguka kirahisi nyama imeiva.

Saa sita na nusu toa nyama, ihamishie kwenye sinia, ifunike foili na taulo mbili juu yake. Itakaa saa nzima na bado itakuwa moto. Watu huogopa kupumzisha nyama, wanadhani inapoa. Isipopumzika, ukiikata maji yote yanamwagika kwenye sinia, na huo ndio utamu wenyewe umeondoka. Zaidi ya hayo, sasa oveni ni ya viazi.

Viazi

Hapa ndipo watu wa kijijini huku hupima jiko. Mzee mmoja huja kila Jumapili na kukaa dirishani. Nyama anaweza kuisamehe, viazi hasamehe.

Kata viazi vipande vikubwa, vichemshe kwenye maji ya chumvi yenye nusu kijiko cha binzari manjano kwa dakika nane mpaka kumi, mpaka kisu kiingie pembeni lakini katikati kikwame. Mwaga maji, rudisha sufuria jikoni bila moto, viache vitoe mvuke mpaka vikauke juu. Kisha funika na utikise sufuria mara tatu nne, pembe zake zivurugike. Ule unga unaojitokeza ndio unaogeuka kuwa ganda.

Kwa kawaida Waingereza hutumia mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe. Sisi tunatumia samli, na si kwa ladha pekee. Wahindu wa Nepali hawali ng'ombe. Mwezi wangu wa kwanza bibi mmoja wa Kinepali, kilemba chekundu cha sufi kichwani, aliniuliza kwa upole kama viazi vyake vimekaangwa kwa mafuta gani. Sikuwa na uhakika. Nikarudi jikoni nikakuta ni ya ng'ombe, nikakiondoa chakula chake mbele yake na kumpikia upya, na mume wake Didi akakaa naye muda wote ule akimpa chai. Tangu siku ile ng'ombe ana trei zake, visu vyake, sufuria yake ya mchuzi na upande wake wa jiko, na samli ndiyo mafuta ya viazi vyote. Kama mezani kwako kuna Mhindu, usimwache aulize. Mwambie kabla hajakaa.

Basi, gramu 100 za samli kwenye trei, ndani ya oveni ya 220 mpaka ichemke haswa, ndipo viazi viingie kimoja kimoja, vigeuzwe vipakwe mafuta pande zote. Vipe nafasi, vikibanana vinajichemsha. Wakati vinaiva, kaanga kavu kijiko kimoja cha chai cha timur sekunde chache tu, twanga na chumvi na jira kidogo. Hii inanyunyizwa viazi vikishatoka, si kabla. Timur ikikaa kwenye moto mrefu inakuwa bubu.

Saa saba kamili fungua oveni: geuza viazi, na papo hapo ingiza trei ya keki ndogo ya mashimo 12 yenye kijiko cha chai cha mafuta kila shimo, uliyokwisha kuipasha juu ya jiko mpaka mafuta yaanze kutoa moshi. Mimina uji upesi, nusu shimo. Funga mlango. Dakika 25, na katika dakika hizo mlango usiguswe na mtu, hata kama mtoto analia anataka kuona. Hewa baridi ikiingia pudini zinakaa chini na haziamki tena.

Mchuzi

Trei ya nyama ina hazina. Mimina kilichomo kwenye chombo, engua mafuta ya juu, bakiza vijiko viwili hivi. Rudisha trei jikoni na hayo mafuta, tia kijiko kikubwa kimoja cha unga, koroga mpaka unukie kama karanga, kisha rudisha supu kidogo kidogo ukikwangua chini ya trei kwa mwiko wa mti. Ponda vile vitunguu humohumo. Ukiwa mzito sana ongeza maji. Chuja.

Mwisho, kwenye kikaango kidogo, pasha kijiko cha samli, tupa jimbu ya kushikwa kwa vidole vitatu. Itafuka na kuwa nyeusi kwa sekunde tano. Mimina yote juu ya mchuzi, ufunike mara moja. Hivyo ndivyo dengu nyeusi zinavyomaliziwa Nepali, na mchuzi wa rosti unaipokea kama ndugu yake. Usitie pilipili kwenye mchuzi. Ukali una kibakuli chake.

Achari

Achari ya nyanya ndiyo mwenzake kondoo, na naitengeneza mapema asubuhi kwa kuwa ikikaa saa kadhaa inatulia. Choma nyanya sita na pilipili mbichi tatu juu ya moto au chini ya grili mpaka maganda yawe meusi. Menya si zote, bakiza weusi kidogo. Twanga kwenye kinu na punje tatu za saumu, chumvi, konzi ya kotimiri, nanaa nusu konzi, na nusu kijiko cha timur. Ile nanaa ni kwa ajili ya mzee wa dirishani. Amekula kondoo na nanaa maisha yake yote na hapaswi kuporwa.

Sasa pasha vijiko viwili vya mafuta, tia mbegu za haradali zikaruke, kisha nusu kijiko cha uwatu. Hapa mkono wako wa pwani utataka kuuwahi uwatu ukiwa bado wa dhahabu, maana mama zetu walitufundisha kwamba uwatu ukiungua unaharibu mchuzi. Uache. Nepali huupeleka mpaka uwe mweusi kama mbegu ya papai, na uchungu wake ndani ya nyanya tamu ndio unaoifanya achari iwe achari. Mimina juu ya nyanya, kamulia ndimu, onja chumvi.

Siku ukioka ng'ombe, fanya ya figili nyeupe: kata vijiti, tia chumvi, vikamue maji baada ya nusu saa, changanya na ufuta uliokaangwa na kutwangwa, binzari, pilipili, ndimu, na uwatu uleule mweusi. Figili na horseradish wana ukali wa ukoo mmoja, ule unaopanda puani. Ila kumbuka kuuliza wageni kwanza. Ufuta na haradali vyote viwili vimo katika orodha ya vitu 14 ambavyo sheria ya Uingereza inalazimisha jiko la biashara livitaje kwa ajili ya wenye mzio, na nyumbani mzio ni uleule.

Mboga hazina maneno mengi. Karoti zioke na viazi. Kabichi ikatwe nyembamba, ikaangwe haraka kwa mafuta, jira, pilipili kavu moja na saumu, itoke ikiwa bado inalia chini ya meno. Kabichi iliyochemshwa nusu saa imetosha katika historia ya nchi hii.

Kupakua

Nyama ya bega haikatwi, inachambuliwa kwa uma mbili, vipande vikubwa. Viazi vinne kwa mtu, pudini moja au mbili, mboga, kisha mchuzi juu ya nyama na ndani ya pudini. Achari ikae kwenye kibakuli chake. Usiimwage juu ya sahani ya mgeni; mzee wa dirishani alikaa miezi miwili akiitazama kabla hajachovya ncha ya kiazi. Siku hizi huagiza kibakuli cha pili, naye Didi humpelekea mwenyewe.

Wanepali huongezewa dal na wali mpaka mtu afunike sahani kwa mkono. Waingereza hupakuliwa mara moja. Pabuni tumechukua desturi ya Nepali kwa viazi na mchuzi, na nyumbani nakushauri upike vya kuongeza.

Nyama ikibaki, ipoze na kuiweka kwenye friji ndani ya saa mbili. Jumatatu pabu imefungwa. Didi huikata ile nyama baridi vipande vidogo, anaitia tangawizi na saumu mbichi, pilipili, chumvi, majani ya kitunguu, halafu uwatu mweusi wa moto juu yake, anaikoroga kwa mkono. Kwa Wanewari wa Bonde la Kathmandu hii ni choila, na huliwa na mchele wa kupondwa, mkavu. Tunaila wima kando ya jiko, kutoka bakuli moja, kabla hatujaanza kuosha trei.